Andika Historia ya Reli Yako Kabla ya Kushika Brashi

Ukitaka modeli ya injini ya mvuke iaminike kuwa mali ya kampuni ya reli ambayo haikuwahi kuwapo, rangi isubiri kwanza. Anza na maswali ya pesa. Kampuni hii ilikuwa na uwezo gani? Ilisafirisha nini? Makaa iliyapata wapi, na maji je? Madaraja yake yalihimili uzito kiasi gani? Nimebadilisha injini nyingi kwa ajili ya reli yangu ya kufikirika, njia fupi ya milimani inayobeba magogo na mawe, na zile ninazozipenda mpaka leo ni zile ambazo kila kilichofungwa juu yake kina sababu.

Majibu hayo ndiyo yanayokuchagulia injini. Reli maskini yenye madaraja mepesi haiwezi kumiliki Big Boy, injini kubwa mno ya mvuke, hata uipake rangi ya kupendeza namna gani. Big Boy zilikuwa 25 tu, zilitengenezwa kati ya 1941 na 1944 kwa ajili ya Union Pacific peke yake, na pamoja na tenda yake, yaani behewa la makaa na maji linalofuata nyuma, kila moja ilizidi tani 500. Mtazamaji anayezijua reli ataikataa papo hapo. Chukua 2-8-0, yaani yenye magurudumu mawili madogo mbele, manane ya kuendeshea, na hakuna madogo nyuma. Ni aina iliyotengenezwa kwa wingi Marekani, na kampuni kubwa ziliponunua injini zenye nguvu zaidi, hizi ziliuzwa kwa reli ndogo. Hapo hadithi yako ina pa kuanzia.

Au chukua Mikado nyepesi ya USRA, ambayo kwangu ndiyo modeli bora kwa kazi hii. Mwishoni mwa 1917 serikali ya Marekani ilishika usimamizi wa reli kwa sababu ya vita, kisha USRA, chombo kilichopewa kazi hiyo, kikaagiza injini za michoro ya aina moja. Mikado nyepesi, yaani 2-8-2, zilitengenezwa 625 zikagawiwa kampuni nyingi. Reli zilirudishwa kwa wenyewe mwaka 1920, na tangu hapo kila kampuni ikazifanyia yake: hii ikahamisha taa ya mbele, ile ikafunga mtambo wa kupasha maji kabla hayajaingia kwenye boila, nyingine ikabadilisha tenda nzima. Injini zilizozaliwa pacha zikaja kutofautiana sura. Kwa hiyo kampuni yako ya kufikirika ikipewa chache, haivunji historia, inajiunga nayo.

Ukishajua mwaka unaouonyesha, vifaa vinafuata. Kama reli yako iko mbali na machimbo ya makaa lakini karibu na visima vya mafuta, ondoa lundo la makaa kwenye tenda, weka tangi la mafuta lenye kifuniko bapa juu. Nchi ikiwa kame, tenda iwe kubwa. Ukifunga taa ya umeme, usisahau jenereta ndogo ya mvuke juu ya boila na bomba jembamba la waya linaloelekea kwenye taa. Wengi hufunga taa mpya wakaishia hapo, na jicho linabaki kujiuliza umeme unatoka wapi.

Sasa rangi. Rangi ya kiwandani huitoa kwa spiriti ya isopropili, baada ya kujaribu tone moja upande wa ndani wa ganda, kwa maana plastiki hazilingani. Osha kwa sabuni, acha ikauke kabisa, piga praima ya kijivu. Kwenye brashi ya hewa natumia mgandamizo wa psi (pauni kwa inchi ya mraba) 15 hadi 20 na matabaka membamba. Nyeusi tupu siitumii kamwe: kwenye kipimo cha 1:87 inameza kila ribiti na kila bomba. Changanya na kijivu au kahawia kidogo, maumbo yataonekana. Chemba ya moshi, ile sehemu ya mbele ya boila, Marekani mara nyingi ilipakwa grafiti na mafuta kwa kuwa joto liliunguza rangi ya kawaida, ndiyo maana inakuwa ya kijivu. Uingereza ilikuwa nyeusi. Amua reli yako inafuata desturi ipi.

Kwenye ubavu wa tenda ndiko ninakokaa muda mrefu kuliko kote, hasa kwa injini iliyonunuliwa mtumba. Napenda mmiliki wa zamani aonekane kwa mbali. Baada ya rangi ya msingi, nabandika herufi zake kwa stika za maji (zile zinazolowekwa kabla ya kubandikwa) za rangi ya kijivu, naziziba kwa vanishi, halafu napuliza nyeusi iliyozimuliwa sana, tabaka moja baada ya jingine, nikiangalia kwa taa ya pembeni. Nasimama herufi zinapokuwa karibu kupotea lakini bado zinasomeka ukizikazia macho. Kisha nachora mstatili wa nyeusi mpya, inayong'aa kidogo kuliko ile iliyouzunguka, na juu yake naweka jina la kampuni yangu. Namba naiacha ileile ya zamani, mradi haigongani na ya injini nyingine. Reli ndogo zilifanya hivyo mara nyingi, maana kubadilisha namba ni kazi na gharama.

Stika za maji zinataka uso unaong'aa. Ukizibandika juu ya rangi isiyong'aa, hewa inabaki chini yake na ukingo unaonekana kama kioo. Piga vanishi ya kung'aa kwanza, bandika, halafu pitisha dawa ya kulainisha stika mpaka ilale juu ya kila ribiti. Ikijikunja usiiguse, itajinyoosha yenyewe inapokauka. Malizia na vanishi isiyong'aa.

Uchafu nao ufuate historia. Maji yenye chokaa huacha michirizi myeupe kwenye boila, chini ya vali na maungio. Masizi hutanda juu, kuanzia bomba la moshi kurudi nyuma hadi paa la chumba cha dereva. Mafuta na vumbi hukaa kwenye magurudumu na vyuma vya kuendeshea. Kampuni tajiri iliifuta injini yake ya abiria karibu kila siku, kwa hiyo hiyo ipakwe uchafu kidogo tu.

Kabla ya kuirudisha njiani, futa rangi yote kwenye nyuso za magurudumu zinazogusa reli na kwenye vidaka umeme (vipande vinavyoipa mota umeme wa njia), toa rangi au uchafu wowote ulionata kwenye maungio ya vyuma vya kuendeshea, kisha iendeshe polepole mbele na nyuma bila mabehewa. Ikienda bila kusita, ifungie mzigo.