Barua kwa Zuhura: vyombo visivyoelea

Mwanangu Zuhura,

Waalaikum salaam. Ama baada ya salamu, sisi huku hatujambo. Kaskazi inavuma, na mamako anauliza kama achari ya embe ilifika salama au ilimwagika ndani ya basi. Mjibu, maana ananiuliza mimi kila asubuhi kana kwamba nilikuwa kondakta.

Nimeusoma ujumbe wako mara mbili. Umeuliza hivi: "Baba, babu aliunda majahazi yaliyobeba watu na boriti. Wewe miaka arobaini unaunda modeli za plastiki za vyombo vya angani ambavyo havipo na haviendi popote. Kwa nini?" Nilitaka kukupigia simu, nikajua nitacheka na kukwepa, kama nifanyavyo mamako akinishika kwa bei. Kwa hiyo nakuandikia.

Nianze na babu yako. Wewe ulimkuta mzee wa kibarazani, tasbihi mkononi. Mimi nilimkuta na shoka na tezo. Hakuwa na karatasi ya ramani hata moja. Alilaza mkuku, ule mti wa chini wa jahazi, mchangani, akauzunguka siku mbili bila kusema, kisha akaanza kupandisha mataruma, yaani mbavu zake, na umbo lote lilikuwa kichwani mwake. Sasa niambie, siku ile ya mkuku, jahazi lilikuwapo? Halikuwapo. Watu walipita wakauona mti mmoja mrefu tu. Yeye alikuwa akikiona chombo.

Nilitaka kazi ile. Nilipofika darasa la saba nikamwambia, akanikatalia pale pale. Alisema meli za chuma zimeshachukua mizigo na malori yanachukua iliyobaki, na hatanifundisha njaa. Akanipeleka kwa rafiki yake bandarini, nikawa karani wa kuhesabu mizigo Kilindini. Simlaumu, mshahara ule ndio uliokusomesha. Lakini mikono yangu ilikuwa imeshaona.

Kuhusu anga, hilo lilinijia mapema, na yeye ndiye aliyelileta nyumbani. Mwaka 1970 nilikuwa na miaka kumi. Alikuwa amekwenda Lamu kutengeneza jahazi la mtu, na akirudi walipita mbele ya Ngomeni, kaskazini ya Malindi. Akasimulia kwamba ameona nyumba ya chuma imesimama baharini kwa miguu yake. Yalikuwa majukwaa ya Waitaliano ya kurushia roketi, San Marco. Tarehe 12 Desemba mwaka ule ule, siku nchi ilipotimiza miaka saba ya uhuru, roketi ya Marekani iitwayo Scout iliondoka pale na setilaiti ikapewa jina la Uhuru. Ilikuwa ya kwanza duniani kutengenezwa kwa ajili tu ya kupima miale ya eksirei inayotoka angani, na ilipomaliza kazi wataalamu waliorodhesha vyanzo 339 vya miale hiyo. Hayo ya vyanzo niliyajua ukubwani. Utotoni nilichojua ni kwamba kitu chenye jina la Kiswahili kimepaa kutoka bahari ambayo babangu alipita, na mwalimu alipokitaja alikiita chombo. Ngalawa ni chombo, jahazi ni chombo, na kile nacho chombo. Sikuona ajabu. Mpaka leo sioni.

Boksi la kwanza nililipata 1983. Mpishi wa meli ya Kijapani alinipa, tulikuwa tumezoeana kwa sigara na machungwa. Juu kulikuwa na picha ya ndege ya vita ya angani, ndani plastiki ya kijivu, vipande vimeshikana kwenye fremu kama embe changa kwenye vikonyo, na maelezo yote kwa Kijapani. Nikafuata michoro. Gundi sikuwa nayo, nikatumia ya viatu. Ilitoa nyuzi kama mlenda, ikachafua kioo cha rubani. Gundi ya kazi hii siyo ya kunata, mwanangu. Ni maji mepesi yanayoyeyusha plastiki kidogo kila upande, ukibana yanakuwa kitu kimoja. Hilo nililijua baada ya kuharibu maboksi matatu.

Nikakipaka chombo rangi ya fedha, nikakiweka juu ya redio. Babu yako akaja Ijumaa baada ya sala. Nilidhani atanicheka. Alikichukua, akakigeuza tumbo juu, akapitisha ukucha kwenye mshono wa pande mbili za mwili, akasema: "Hiki kitaingiza maji."

Nikamwambia, "Baba, hiki ni cha angani. Huko hakuna maji."

Akafikiri. "Basi kitatoa hewa."

Akakaa, akanieleza upya kalafati, kazi ya kuziba nyufa za jahazi, kama hajawahi kunikatalia. Pamba unaisokota, unaipiga ndani ya ufa kidogo kidogo, huirundiki, kisha unapaka sifa, yale mafuta ya samaki, na deheni, mafuta yenye chokaa, kwa sehemu inayokaa chini ya maji. Mimi pamba yangu ni filla, ile ya mafundi wa bodi za magari, na patasi yangu ni kijiti cha meno. Piga filla, ngoja ikauke, piga msasa wa maji, piga praima, rangi ya kwanza, uone aibu yako yote, rudia. Aliishi miaka kumi na minne baada ya siku ile, na kila nilipomaliza chombo alikipitisha ukucha. Viwili tu alivirudisha mezani bila neno.

Kuna jambo moja alilifurahia kuliko yote. Boksi liliandikwa 1/72, akaniuliza namba hiyo imetoka wapi. Nikamwambia Waingereza walipunguza futi sita kuwa inchi moja. Akatandaza mikono yake miwili kama apimaye kamba. "Futi sita si pima moja?" Ndiyo, pima moja, dhiraa nne. Basi jahazi lake la futi sitini, pima kumi, lingekuwa la inchi kumi kwenye meza yangu, na nahodha wake hazidi sentimita mbili na nusu. Tangu hapo kwake kipimo kile hakikuwa cha Wazungu tena.

Sasa hilo neno lako, "havipo". Enterprise, chombo cha angani cha kipindi cha Star Trek, ile kubwa iliyoundwa mwaka 1964 ili ipigwe picha kwa ajili ya televisheni, ilichongwa sehemu kubwa kwa mti, urefu wake futi kumi na moja, na leo iko Washington kwenye jumba la makumbusho, karibu na vyombo vilivyopaa kweli. Kampuni ya AMT ilitoa modeli yake ya plastiki 1966. Mwaka uliofuata wenye kipindi walipohitaji chombo kilichopigwa vitani, walichukua modeli ile ile ya boksi, wakaichoma na kuibomoa, nayo ikaonekana kwenye televisheni. Mafundi wa filamu ya Star Wars, kabla haijatoka 1977, walinunua maboksi ya vifaru, ndege na magari ya mashindano, wakachomoa vipande na kuvibandika juu ya vyombo vyao ili vionekane vina mabomba na mashine. Ukikitazama kwa karibu kile kikubwa cha mviringo, Millennium Falcon, kwenye ngozi yake mna vipande vya maboksi ya vifaru vya Wajerumani. Vyombo hivi vimewahi kuwapo, Zuhura. Vimeundwa kwa mkono na watu waliokatwa vidole na wembe kama mimi.

Na mtepe je? Uliuona Lamu tulipokwenda ukiwa darasa la sita, ule mdogo kwenye makumbusho, mbao zimeshonwa kwa kamba ya nazi bila msumari hata mmoja, na tanga la mkeka. Hakuna aliye hai pwani hii aliyesafiri na mtepe wa kazi. Umbo lake tunalijua kwa kuwa watu walikaa wakaunda midogo. Siku ile hukuniuliza kwa nini mtu ameunda chombo kisichokwenda popote. Ulibandika pua kwenye kioo.

Rangi nilijifunza kwa kijana mmoja wa Majengo aliyekuwa akichora matatu kwa bomba la upepo. Yeye alinifundisha kutopuliza wakati wa masika, kwa sababu unyevu unaingia kwenye rangi na inatoka na ukungu mweupe, kama kioo kilichopigwa pumzi. Aprili na Mei nakata na kubandika tu. Uchafu nilijifunza kwa macho, kwenye feri ya Likoni, nikitazama meli zinavyolia kutu kutoka kwenye tundu la nanga kwenda chini. Lakini hapa nina ugomvi na wenzangu wengi. Wanazipaka meli za angani michirizi ya kutu. Angani hakuna maji wala hewa, kutu itoke wapi? Na "chini" ni wapi? Mimi natia masizi kwenye mitambo na vidoa vya kugongwa na vijiwe, basi. Mmoja aliniambia chombo chake kilitua kwenye sayari yenye mvua. Sikuwa na jibu.

Pesa nimepoteza, sikatai. Boksi moja lilikuja kutoka ng'ambo, ushuru ukawa karibu sawa na bei, na nilipofungua mtambo wa kushoto haumo. Muuzaji hakujibu barua zangu. Nikauchonga kutokana na kifuniko cha dawa ya macho ya mamako, naye anajua, kwa hiyo usimwambie kama habari mpya. Na yale maboksi ishirini na saba juu ya kabati, ambayo mamako aliyaita makaburi, sitayamaliza yote. Nilinunua nilipoyaona kwa kuwa kampuni ikiacha kuyachapa hayapatikani, na kila nililonunua nilikuwa nimeshaliona limekamilika. Stika zake nyingine zimekuwa njano. Nimezibandika dirishani, jua linazirudisha nyeupe taratibu.

Kuna moja nimelishusha. Ni Enterprise ya 1/350, ikikamilika itakuwa na sentimita themanini na mbili. Sahani yake, ule mviringo wa mbele, ni vipande viwili vikubwa, na mshono unaizunguka yote. Gundi inakimbia upesi, lazima mtu mmoja abane wakati mwingine anapitisha brashi. Mikono yangu miwili haitoshi tena, na wa kulia umeanza kutetemeka.

Ukija Idi, kaa siku mbili zaidi. Niletee visu vya hospitali namba 11, boksi moja, hapa mwenye duka la dawa ameanza kunitazama vibaya. Vijiti vya kushikia vipande wakati wa rangi usilete. Yule wa mishikaki pale Makadara ameshazoea kuniuzia vitupu.

Babako