Jibu: Keni inavuja ingawa komeo limefungwa

Ndugu, umeuliza kwa nini keni yako ya lita 50 inamwaga maziwa kwenye pikipiki ilhali umefunga komeo, na kama ununue kifuniko kipya. Usinunue bado. Anza na mpira, ile pete ya kuzibia iliyo ndani ya kifuniko.

Komeo halizibi kitu. Kazi yake ni kukandamiza kifuniko juu ya mpira. Ukisukuma mkono wake chini, unakuwa mgumu hadi katikati, halafu unapita pale pagumu na kulala wenyewe, "ta!" Hapo hata barabara ya mawe hailifungui, maana kifuniko kikitaka kuinuka ndipo linazidi kubana. Likishuka kilaini bila ubishi, basi mpira umebonyea au chuma cha komeo kimepinda.

Vua mpira, ukunje kati ya vidole viwili. Ukiona vinyufa kama vya kisigino kikavu, tupa. Tafadhali sana, usitandike mfuko wa nailoni badala yake. Mimi nilifanya hivyo msimu mmoja wa mvua, maziwa yakakataliwa kituoni, na uchungu wake ninaukumbuka hadi leo.

Kila siku toa mpira, sugua mfereji unamokaa kwa brashi, sabuni na maji ya moto. Uchachu hujificha humo. Kausha keni kichwa chini, kifuniko kando.

Tena jaza hadi karibu na shingo. Keni nusu hupiga mawimbi, yanagonga kifuniko njia nzima, na ukifika unakuta vipande vya siagi vinaelea.