Hesabu ya mlo wanaijua, bandani wanakwama

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Ninafundisha lishe ya mifugo chuoni, huu ni mwaka wangu wa pili. Nina wanafunzi 120, na banda letu lina ng'ombe sita wa maziwa. Mraba wa Pearson, ile hesabu ya kuchanganya vyakula viwili ili kupata kiwango cha protini unachotaka, wanaupatia vizuri kwenye mtihani, lakini nikiwapeleka bandani hawajui hata ng'ombe apewe majani kiasi gani. Wewe unafundishaje? Nianze na hesabu au na ng'ombe?

JIBU: Marahaba. Anza na ng'ombe. Mimi nilianza na hesabu, na aliyeumia ni ng'ombe.

Mwaka wangu wa kwanza nilikaa ubaoni karibu muhula mzima. Kisha nikakipa kikundi kimoja ng'ombe wa kilo 400 wamlishe. Hesabu yao ilikuwa sahihi kabisa: asilimia 3 ya uzito wake, yaani kilo 12 kwa siku. Wakaenda shambani, wakakata mabingobingo, wakapima kilo 12 kwa mizani ya ndoano, wakamwaga horini na kurudi bwenini wameridhika. Asubuhi mtumishi wa banda akaniita, akanionyesha ubavu wa kushoto wa yule ng'ombe, nyuma ya mbavu ya mwisho, pale palipobonyea kama bakuli. "Mwalimu, huyu kalala njaa."

Zile kilo 12 ni za mada kavu, yaani kile kinachobaki maji yote yakishatoka. Mabingobingo mabichi ya masika ni maji kwa asilimia 80 hivi. Kama majani ndiyo mlo wake wote, alitakiwa apewe kilo 60. Vijana wangu walimpa kilo mbili na nusu za chakula na nusu ndoo ya maji. Na neno "mada kavu" lilikuwemo kwenye madaftari yao, tena limepigiwa mstari.

Siku hizi wiki mbili za kwanza siandiki kitu ubaoni. Kila mwanafunzi anapima kilo moja ya majani mabichi, anayakatakata, anayaanika kwenye bati na kuyapima tena kila jioni mpaka uzito ukome kushuka. Anabaki na gramu mia mbili na kitu. (Tanuri la maabara kwenye nyuzi 105 linatoa jibu safi zaidi, maana jua huacha unyevu kidogo. Wenye udadisi hulinganisha wenyewe.) Baada ya hapo kikundi kinakata kilo 60 kamili na kuzibeba hadi bandani. Hapo ndipo huwa nasikia mtu akisema, "Kumbe ndiyo maana mzee nyumbani alikuwa analalamika."

Kisha mikono. Mwanafunzi aweke ngumi kwenye ule ubavu wa kushoto, abonyeze kidogo na atulie na saa. Tumbo la kwanza likiwa zima atalisikia likijiviringisha mara moja au mbili kwa dakika. Ng'ombe akicheua, ahesabu: tonge moja hutafunwa mara 50 hadi 70, na likitafunwa mara chache sana, majani marefu yamepungua kwenye mlo. Achukue pia kiganja cha kinyesi, akioshe kwenye chekecheke, aone punje za mahindi zilizopita nzima. Wa kwanza ataziba pua. Usiligeuze kuwa mzaha, shika chekecheke wewe mwenyewe kwanza.

Mraba wa Pearson unaingia wiki ya tatu, na siudharau. Tuseme pumba za mahindi zina protini asilimia 10, mashudu ya alizeti 28, na unataka mchanganyiko wa 16. Sehemu 12 za pumba (28 toa 16) kwa 6 za mashudu (16 toa 10), basi kilo mbili kwa moja. Somo lenyewe liko kwenye swali linalofuata: mraba huu hauoni nini? Hauoni bei. Hauoni madini. Hauoni kwamba ukizidisha pumba na kupunguza majani, tumbo linachachuka na kinyesi kinakuwa uji. Na mashudu yaliyokamuliwa pamoja na maganda yanaweza kuwa chini sana ya hiyo 28 ya kitabuni, kwa hiyo wapeleke kwa muuzaji wafungue gunia, wayachambue kwa vidole.

Wingi wa wanafunzi wako unapangika. Vikundi 24 vya watu watano, ng'ombe sita: kila kikundi kina ng'ombe wake kwa wiki, na katika wiki nne wote wamepita. Daftari la banda liwe na mambo matatu tu: kilichowekwa horini, kilichobaki asubuhi, na lita za maziwa. Kutathmini, mimi huita mtu mmoja wa kikundi bila kumtangazia mapema, na alama yake ndiyo ya kikundi chote. Wanalalamika kila mwaka. Sijabadili, kwa sababu bila hivyo wawili wanafanya kazi na watatu wanapiga picha.

Swali moja la mtihani huo namwachia mtumishi wa banda aliulize. Maswali yake ni magumu kuliko yangu. Safari iliyopita alimuuliza kijana mmoja, "Huyu wa mwisho hajamaliza chakula tangu jana, utaanza kumtazama wapi?" Kijana akafungua daftari. Mzee akamwambia alifunge, amtazame ng'ombe.