Maswali ya wasomaji: Mnyama akiondoka na risasi mwilini

*Shikamooni wahariri. Nimesoma kwamba huko Marekani kulungu anapigwa risasi au mshale, anakimbia, na mwaka unaofuata anaonekana akila majani kama kawaida. Kaka yangu ana leseni ya kuwinda na anaishikilia hoja hiyo: mnyama akikimbia mwache, atapona. Je, ni kweli hata kwa swala na kongoni wa huku kwetu? – Msomaji, Sikonge*

Marahaba. Kaka yako kasikia habari ya kweli, ila kaishia njiani. Kulungu wa Marekani na Ulaya hupona baadhi ya majeraha. Wachunaji wa huko hukuta risasi ya zamani au ncha ya mshale imezungukwa na kovu gumu ndani ya mnyama aliyenona kabisa. Lakini angalia jeraha lilikuwa wapi: mara nyingi ni kwenye nyama tupu, juu ya mgongo, kifuani chini ya shingo, au pajani ambako mfupa haukuguswa. Hata mguu uliovunjika sehemu ya chini huweza kukauka, mnyama akaishi kwa mitatu iliyobaki.

Mapafu yote mawili yakitobolewa hakuna kupona, ni suala la dakika. Ini huchukua muda zaidi, mwisho ni uleule. Tumbo na utumbo ndiyo mateso makubwa kuliko yote, kwa sababu uchafu humwagika ndani na mnyama hufa polepole kwa saa nyingi, pengine zaidi ya siku nzima. Taya likivunjika, kidonda hakimuui. Anakufa kwa njaa na kiu, majani na maji yakiwa mbele yake. Wanaolenga kichwa ili wasiharibu nyama tunawaomba wakumbuke hilo, maana ubongo ni mdogo na kichwa hakitulii.

Halafu kuna tofauti ya mahali. Sehemu nyingi za Marekani kulungu anayechechemea hana fisi nyuma yake. Kwenye miyombo ya Tabora kuna fisi, chui na simba, na kiangazi maji hubaki kwenye mabwawa machache ambayo wote hao wanayajua. Jeraha ambalo lingepona kwa wiki kadhaa za utulivu halipati wiki hizo. Kwa hiyo kaka yako, akiwa amesimama mita mia moja kutoka mahali mnyama alipopigwa, hana namna ya kujua kwamba atapona. Wajibu wake ni kwenda kutazama na kumfuata mpaka njia zote ziishe. Na kwa hesabu ya leseni, mnyama aliyejeruhiwa akapotea huhesabiwa kama ameuawa. Kaka asitafute mwingine wa kumfidia.

*Nitajuaje nimempiga wapi, na nisubiri muda gani kabla ya kumfuata? – Msomaji, Urambo*

Swali hili ndilo linalookoa wanyama wengi, kwa hiyo tutalijibu kwa urefu.

Ukishafyatua, ingiza risasi nyingine papo hapo na usiondoe jicho kwa mnyama. Akiruka na kurusha miguu ya nyuma, kisha akakimbia ameinamisha kichwa, yaelekea ni moyo au mapafu. Akikunja mgongo na kuondoka polepole, ni tumbo. Anayewadanganya wengi ni yule anayeanguka papo hapo. Juu ya mabega uti wa mgongo hukaa chini kuliko watu wanavyodhani, na juu yake kuna miiba ya mifupa na nyama. Risasi ikigusa miiba hiyo, mshtuko humwangusha mnyama kama aliyekufa. Watu wanapeana mikono, naye anainuka na kutokomea. Mnyama aliyeanguka hivyo mwekee shabaha, na akiinua kichwa mpige tena bila kuwaza bei ya risasi.

Kabla ya kuondoka ulipo, vunja tawi kama alama, kisha kariri mti aliokuwa amesimama karibu nao. Bila alama, ukifika kule miyombo yote inafanana.

Pale alipopigwa, inama utafute nywele na damu. Kwa swala pala, nywele nyeupe maana yake umepiga chini, tumboni. Damu nyekundu angavu yenye povu ni mapafu. Damu nzito inayokaribia weusi, bila povu, ni ini. Majimaji ya kijani au kahawia yenye chembe za majani na harufu ya uchafu ni tumbo, hata kama damu yenyewe ni matone mawili. Vipande vya mfupa ni mguu. Usitishwe wala usifurahishwe na wingi wa damu majanini. Swala wa kilo 50 ana damu kama lita nne, na lazima ipotee karibu theluthi ndipo imwangushe. Jeraha la nyama huchafua sana mwanzoni, kisha hukauka.

Mapafu, ngoja nusu saa. Ini, saa mbili hadi tatu. Tumbo, saa nne hadi sita. Mnyama wa tumbo asipofukuzwa hulala karibu, na ukimkurupusha anaweza kwenda kilomita kadhaa bila kudondosha damu ya kufuata. Mguu uliovunjika ni kinyume: kungoja hakumuui, kwa hiyo mfuate mapema kwa utulivu ili upate nafasi ya risasi ya pili.

Kwa hesabu hiyo, shabaha ya saa kumi na moja jioni ni ya kuacha. Kuwinda usiku ni kosa kisheria, na fisi hawangoji asubuhi.

Mnapofuata muwe wawili au zaidi. Mmoja anasoma ardhi, mwingine ana bunduki na anatazama mbele. Tembeeni kando ya nyayo, msizikanyage. Kila penye damu funga kipande cha karatasi ya chooni usawa wa macho; ukigeuka nyuma utaona mwelekeo. Kwenye majani marefu tafuta damu iliyopakwa kwenye mabua, maana urefu wake unaonyesha kidonda kiko wapi. Septemba na Oktoba miyombo inapochipua majani mekundu, jicho hudanganyika, na kwenye majivu ya moto damu haionekani kabisa. Doa ukilitilia shaka lidondoshee haidrojeni peroksaidi ya duka la dawa. Damu itatoa povu. Nyayo zikipotea, rudi kwenye alama ya mwisho uzunguke hatua kumi, kisha ishirini, kisha arobaini.

Ukimkuta amelala, mwendee kutoka mgongoni na umguse jicho kwa fimbo ndefu. Akipepesa, bado yu hai, mpige risasi ya kifua. Palahala na pongo hutumia pembe hadi pumzi ya mwisho, na nyati aliyejeruhiwa usimfuate kichakani bila mtaalamu mwenye bunduki nzito ya .375 mkononi.

Wawindaji Waislamu wengi hukimbia ili wawahi kuchinja, na hapo ndipo mnyama hukurupushwa. Muulize shehe wako mapema hukumu ya mnyama aliyepigwa kwa Bismillahi akafa kabla hujamfikia; jibu lake litakupunguzia haraka.

*Mnyama akivuka kuingia Ugalla, naruhusiwa kumfuata? – Msomaji, Kaliua*

Hapana. Mto Ugalla ni hifadhi ya taifa tangu 2019, ingawa wazee bado wanaikumbuka kama pori la akiba lenye vitalu vya uwindaji. Ishia mpakani, weka alama alipovukia, na uwaarifu askari wa hifadhi siku hiyohiyo ukitaja aina ya mnyama, sehemu aliyopigwa na saa. Kama ni nyati, taarifa hiyo inaweza kuokoa mtu.

*Mimi ni mrina asali. Nimekuta pongo ana waya mguuni, kidonda kina funza. Nimmalizie? – Msomaji, Uyui*

Usimuue na usimle. Bila kibali, nyama hiyo ni nyara ya serikali na utakamatwa nayo hata kama nia yako ilikuwa huruma. Nenda kwa mtendaji wa kijiji au askari wanyamapori wa kijiji, naye atafikisha habari ofisi ya wanyamapori ya wilaya. Funza wenyewe hawana maana kwamba anakufa, kwani wengi wao hula nyama iliyooza. Hatari ni waya unaozidi kukaza. Usijaribu kuufungua peke yako. Kumbuka mahali pake, na uangalie njia hiyohiyo ya wanyama, kwa sababu mitego ya waya hutegwa mingi kwa mstari mmoja. Yote uliyoiona itaje unapotoa taarifa.