Krismasi ya ukoo Marangu: Kariakoo nunua kidogo, mlimani nunua vingi

Dada uliyeuliza, nimekusoma. Umeolewa Marangu, Kilimanjaro, mama mkwe amesema mwaka huu Krismasi ni yako, watu kama 30, na unataka kujua ubebe nini kutoka Kariakoo. Mimi nimepokea ukoo Rombo mara nne sasa. Kariakoo nunua nguo za watoto, viungo na zawadi za wazee. Vingine vyote nunua huko huko mlimani.

Mwaka wangu wa kwanza nilibeba duka zima: mchele kilo 50, ndoo ya mafuta lita 20, unga, mpaka vitunguu. Konda alinitoza hela ya mzigo ambayo ningeweza kuongezea mchele mwingine. Tulipofungua buti Moshi jioni, mfuniko wa ndoo ulikuwa umeachia. Mafuta yameloweka unga, yamepita, yameingia kwenye begi la wifi yangu. Humo mlikuwa na gauni la kijani la sikukuu, lebo bado inaning'inia. Wifi alilishika mabegani, akalitazama, akanyamaza. Usiku ule ule tulilifua pamoja kwa maji ya moto na sabuni ya mche, mara tatu, na doa likabaki kwenye pindo. Tarehe 25 alilivaa kanisani hivyo hivyo, Mungu ambariki. Nilimpenda tangu siku hiyo.

Na mchele upo sokoni Himo, kabla hujapanda Marangu, tena mzuri, unatoka Mabogini hapo chini. Kwa watu 30 piga kilo 6 kwa mlo mmoja. Maharage, vitunguu, viazi, vyote Himo, kisha unapanda navyo Marangu.

Sasa mbege, ile pombe ya ndizi na ulezi, na hapa ndipo wageni wa mlimani wengi wanakwama. Mbege haiharakishwi. Ndizi lazima ziive kwanza, zichemshwe, zikae siku kadhaa zichachuke, ndipo uji wa ulezi uliooteshwa unachanganywa mwishoni, na msesewe, gome la mti, kwa ule uchungu wake. Kwa hiyo tuma hela ya ndizi na ulezi wiki ya kwanza ya Desemba, na umpigie mama mkwe mwenyewe, usimtume mumeo. Ukipiga simu tarehe 20 umeshachelewa, na ulezi nao utakuwa umepanda bei.

Mbuzi, wawili watatosha. Mwachie baba mkwe awachague, na kwenye kugawa usiguse kisu. Nyama ya mbuzi kwa Wachagga ina wenyewe, kila kipande kina mtu wake, na kila ukoo una mpango wake. Uliza kabla. Mwaka wa pili niliwagawia wageni wote sawasawa nikidhani ndiyo haki, shangazi mmoja wa mume wangu akakaa na sahani mapajani bila kula mpaka mama mkwe alipokuja jikoni kunieleza kimya kimya kipande chake kilikwenda kwa nani. Nilimfuata, nikapiga magoti nikamwomba radhi, akacheka, akala.

Kisusio, ile supu ya damu ya mbuzi, kipikwe kwenye sufuria yake. Walokole na Wasabato wengi hawagusi damu, kwa hiyo weka na supu ya kawaida pembeni, na soda za kutosha kwa wasiokunywa mbege. Soda chukua kwa kreti duka la kijijini, urudishe chupa tarehe 27.

Zawadi: kitenge kwa mama mkwe, blanketi zito kwa baba mkwe kwa sababu usiku kule ni baridi hata Desemba. Ongeza pakiti kadhaa za sukari na majani ya chai, maana tarehe 26 mtazunguka kwa majirani na huendi mikono mitupu.

Kitu cha mwisho ni sufuria. Ndizi mshare, zile za kupika, mikungu miwili na nyama yake havienei kwenye sufuria za nyumbani. Ulizia akina mama wa jumuiya kanisani, kwetu wanakodisha zile kubwa za shughuli, lakini weka oda sasa hivi, maana wiki ile kila boma linazitaka.