Simu za ofisi: laini ya kampuni, kitambulisho cha mhudumu

*Shikamoo fundi. Simu zetu hazifanyi kazi tangu jana. Tatizo ni nini?* (Dodoma)

Marahaba. Sijui. Hata mganga humuuliza mgonjwa panauma wapi. Haziiti kabisa? Zinaita lakini ukipokea kimya? Zinapokea ila hazipigi nje? Ni zote au ya mapokezi tu? Kioo cha simu kimeandika nini? Maswali ya namna hii nimeyajibu mara nyingi mno kwenye safu hii. Kuanzia sasa yanakwenda kapuni.

*Tunatumia simu za mtandaoni. Mteja anatusikia vizuri, sisi hatumsikii. Halafu simu inakatika yenyewe. Tumeshabadilisha kampuni ya intaneti, hali ni ile ile.* (Kampuni ya usafirishaji, Temeke)

Mmetupa hela. Lakini nyinyi angalau mmeeleza dalili, kwa hiyo tukae nalo.

Simu ya mtandaoni inakwenda kwa njia mbili. Moja inabeba habari za kupiga, kuita, kupokea na kukata. Nyingine inabeba sauti peke yake. Kama simu inaita vizuri lakini sauti inapita upande mmoja, njia ya kwanza ni nzima na ya pili imepotea. Simu yako ya mezani ina anwani ya ndani, zile zinazoanza na 192.168, ambazo nje ya ofisi hazina maana yoyote. Ikimwambia mtu wa upande wa pili "nitumie sauti hapa", ni sawa na kumwelekeza mgeni "nyumba ya tatu kushoto" bila kumtajia mtaa.

Mifumo ya kisasa ya wingu, ile inayokaa kwenye kompyuta za mtoa huduma, inajua kuitatua hali hiyo yenyewe. Anayeiharibu mara nyingi ni rauta. Ingia kwenye mipangilio yake utafute kitu kinachoitwa SIP ALG. Kiliwekwa kusaidia simu hizi: kinafungua ujumbe unaopita, kinasahihisha anwani iliyomo, na kila mara naikuta imesahihishwa vibaya. Kizime, washa rauta upya, washa na simu upya. Rauta ya kampuni mpya ya intaneti huenda nayo ilikuja kikiwa kimewashwa, ndiyo maana kuhama hakukusaidia.

Sasa hilo la kukatika. Chukueni saa mpime. Nina hakika itakatika kwenye sekunde ya 32 au jirani yake. Ukishapokea, mfumo unasubiri uthibitisho kutoka upande wa pili. Usipofika ndani ya sekunde 32, unakata. Ni ugonjwa ule ule wa anwani. Intaneti mbovu haina saa, inakata inapotaka. Kinachokata kwa saa ni mpangilio.

*Tuna intaneti ya megabiti 50 na bado sauti inakwaruza. Tuongeze kifurushi?* (Arusha)

Hapana. Simu moja inakula kama kilobiti 100 kwenda na 100 kurudi, kwa hiyo simu kumi hazijafika hata megabiti moja na nusu. Sauti haitaki upana, inataka utulivu. Angalieni nani anapandisha mafaili saa hizo. Ofisi moja niliyoitwa, kila saa nne asubuhi sauti ilianza kukatikakatika. Saa nne ndipo kamera za ulinzi zilipokuwa zinapeleka picha za usiku kwenye hifadhi ya mtandaoni. Tukazihamishia saa nane usiku, kazi imekwisha. Na simu za mezani zichomekwe waya, jamani. Waifai iachieni simu za mkononi.

*Kaka, naomba msaada. Dada aliyekuwa anahudumia wateja wetu kwa WhatsApp ameacha kazi na kuondoka na laini. Wateja wa miaka minne wako kule. Tunaipataje?* (Duka la vifaa vya ujenzi, Mwanza)

Hili ndilo ninaloimba kila mwezi na watu wananiona mzee msumbufu.

Kwanza niulize: laini imesajiliwa kwa jina la nani? Najua jibu. Siku mnafungua duka mlikuwa na haraka, yule dada akaweka kidole chake kwa wakala, na kitambulisho chake cha NIDA ndicho kilichotumika. Basi laini ni yake. Hajaiba kitu. Mkienda kwa kampuni ya simu kuomba laini mbadala, watamtaka yeye, na wako sahihi. Mngekuwa mnapewa kirahisi, na matapeli wangepewa kirahisi.

Kwa hiyo acheni vitisho vya polisi. Mpigieni kwa heshima, mlipeni kama anadai mshahara (na mara nyingi anadai, mnajijua), kisha aje mkae naye dakika kumi. Nunueni laini mpya iliyosajiliwa kwa jina la kampuni, kwa nyaraka za kampuni. Afungue WhatsApp ya biashara kwenye simu ile ile, aingie kwenye mipangilio ya akaunti, achague kubadilisha namba na kuruhusu watu walio kwenye orodha wajulishwe. Mazungumzo yanabaki, namba inakuwa yenu.

Kisha siku hiyo hiyo wekeni uthibitishaji wa hatua mbili: tarakimu sita, pamoja na barua pepe ya kampuni, si ya mtoto wa shangazi anayejua kompyuta. Bila barua pepe, mkisahau tarakimu mtasubiri siku saba nzima. Wahudumu watumie vifaa vilivyounganishwa na akaunti hiyo (kompyuta au simu zao), ambavyo vinaweza kuwa vinne. Simu yenye laini ikae ofisini, ifunguliwe mara kwa mara, maana ikikaa siku 14 bila kutumika vifaa vyote vinatoka. Mhudumu akiondoka, mnakiondoa kifaa chake kwa kidole kimoja.

Wenye wahudumu zaidi ya hapo, nendeni kwenye mfumo wa kulipia wa WhatsApp unaounganishwa na programu ya wateja. Lakini mjue sheria yake: mteja akikuandikia una saa 24 za kumjibu unavyotaka. Zikipita, unaruhusiwa kutuma ujumbe ulioidhinishwa tu. Watu wengi wananiambia "mfumo umegoma" kumbe wamejibu swali la Ijumaa siku ya Jumatatu.

*Nimetuma tangazo la WhatsApp kwa watu 256, wamepata kama arobaini tu.*

Hao arobaini ndio waliohifadhi namba yako. Wengine haliwafikii.

*WhatsApp yetu ya biashara imefungiwa. Tulikuwa tunatumia ile ya kijani iliyoongezewa vitu.*

Umejijibu mwenyewe. Hiyo si WhatsApp rasmi.

*Chama chetu cha wafugaji kinatuma ujumbe mfupi kwa wanachama. Ujumbe una herufi 140, lakini kila mmoja tunatozwa mara tatu. Kampuni inatuibia?* (Tanga)

Nilimwomba huyu anitumie ujumbe wenyewe. Ulianza hivi: "Ndugu mwanachama, chanjo ya ng’ombe…" Mwizi yuko hapo hapo kwenye ng’ombe.

Ujumbe mfupi unabeba herufi 160 kama alama zote zimo kwenye orodha ya zamani ya herufi za simu. Ikiingia hata moja isiyomo, ujumbe wote unahama kwenye mfumo mwingine, na nafasi zinashuka hadi 70. Ukirefuka ukagawanywa, kila kipande kinabeba 67. Vipande viwili ni 134, kwa hiyo herufi 140 ni vipande vitatu. Kile kialama cha ng'ombe ukikiandika wima kwenye kibao cha simu, kimo kwenye orodha. Ukiandika kwenye Word, kinapindwa kuwa cha kupendeza, na hakimo. Umenakili, umebandika, umelipa mara tatu. Vicheko na vikatuni navyo ni hivyo hivyo.

Na kwa kuwa mnatuma kwa jina la chama badala ya namba, mwanachama hawezi kujibu. Wekeni namba ya kupiga ndani ya ujumbe.

*Jumatatu tumekuta bili ya simu za nchi tusizozijua, zimepigwa usiku wa Jumamosi hoteli ikiwa na wafanyakazi wawili tu. Nani kapiga?* (Hoteli, Zanzibar)

Hakuna aliyeingia hotelini. Kuna watu wanapita mtandaoni usiku na mchana wakijaribu kuingia kwenye mifumo ya simu kwa nywila rahisi. Wakiingia, wanapiga namba za ng'ambo za gharama kubwa ambazo sehemu ya malipo inarudi mfukoni mwao. Wanapenda wikendi kwa sababu nyinyi mmelala. Niliwahi kufungua mfumo wa mteja aliyepigwa hivyo: simu ya ndani namba 1001, nywila 1001.

Leo, kabla ya chai: mwambieni mtoa huduma afunge nchi zote isipokuwa mnazopiga kweli, aweke kikomo cha matumizi kwa siku, na nywila zote zibadilishwe ziwe ndefu. Bili ombeni ipunguzwe, ila msitegemee sana.

*Fundi, tukirekodi simu za wateja tuna kosa?* (Mombasa)

Waambieni mwanzoni mwa simu kwamba mnarekodi na kwa nini. Sheria ya ulinzi wa data ya Kenya ya 2019 inataka hivyo, na ya Tanzania ya 2022 haiko mbali. Na msiache rekodi za miaka sita kwenye kompyuta ambayo kila mtu anaifungulia muziki.

*Intaneti ikikatika wateja wanapiga, haiiti. Tuliweka kuhamisha simu kwenda mkononi lakini haifanyi kazi.* (Kinondoni)

Mliweka kwenye simu ya mezani, sivyo? Intaneti ikifa, ile simu ya mezani imekufa nayo. Maiti haihamishi kitu. Uhamishaji uwekwe kwenye mfumo wenyewe, kule kwa mtoa huduma: "simu hii isipopatikana, peleka namba hii." Halafu muulizeni seva zake ziko nchi gani. Wingu haliko angani, ni kompyuta za mtu mahali fulani. Tarehe 12 Mei 2024, nyaya za intaneti za baharini za EASSy na Seacom zilipokatika, waliokuwa na seva mbali walikaa kimya hata kama intaneti ya ofisini ilikuwa inawaka taa zote.

*Umeme ukikatika kompyuta zinabaki zinawaka lakini simu zote zinazima.*

UPS, ile betri ya kushika umeme ukikatika, mmemwekea bosi. Ihamisheni kwenye rauta na swichi ya mtandao inayounganisha simu.