Uliza Ujibiwe: Madoa kwenye viti vya ngozi vya gari

SWALI: Shikamooni mafundi. Gari langu lina viti vya ngozi ya rangi ya maziwa, na kiti cha dereva kimeshika buluu ya jinzi. Kijana wa kuosha magari alikisugua kwa sabuni ya unga. Buluu imepungua, lakini ngozi sasa ni kavu na inakwaruza. Nifanyeje? *Msomaji, Tanga*

JIBU: Marahaba. Kwanza, sabuni ya unga isirudi tena kwenye viti hivyo. Ngozi ina tindikali kidogo, na sabuni ya unga ni alkali kali. Ikirudiwarudiwa hukausha ngozi na kulegeza rangi yake. Viti vingi vya ngozi vimepakwa rangi, kisha juu yake tabaka jembamba la kinga. Kidole chako kinagusa tabaka hilo, hakigusi ngozi yenyewe. Buluu ya jinzi huanza kwa kukaa juujuu, halafu joto, jasho na uzito wa dereva huisukuma ndani. Ndiyo maana doa la wiki moja hutoka na la mwaka mzima huacha kivuli.

Dondosha tone la maji mahali pasipoonekana, mfano ubavuni mwa kiti, chini karibu na reli zake. Likisimama kama maji kwenye jani la gimbi, kinga bado ipo. Likinywewa na ngozi ikawa nyeusi, kinga imekwisha au haikuwepo. Hapo mwachie fundi wa viti.

Kama kinga ipo, fyonza vumbi lote, hasa kwenye mishono, kwa sababu mchanga ukisuguliwa ni msasa. Changanya nusu lita ya maji ya vuguvugu na kijiko kimoja cha chai cha shampuu ya mtoto, upige povu. Chukua povu tu kwa mswaki laini, safisha eneo la ukubwa wa kiganja kwa mizunguko myepesi, kisha pangusa kwa kitambaa cheupe kabla halijakauka. Sasa kitazame hicho kitambaa. Kikiwa na buluu, endelea. Kikionyesha rangi ya maziwa, unang'oa rangi ya kiti: simama hapo hapo. Kurudia kazi hii mara tatu kwa siku kunatosha. Acha kiti kikauke kivulini, ndipo upake losheni ya viti vya ngozi, kidogo sana. Mafuta ya nazi au ya mgando hayapenyi kinga. Hubaki juu yakikusanya vumbi.

Kuhusu huko kukwaruza, tusikudanganye. Kama kinga imeshachubuka, losheni hairudishi kitu. Dawa yake ni fundi kupaka rangi na kinga upya sehemu hiyo. Na jinzi mpya ifuliwe peke yake mara mbili tatu kabla ya kukaliwa nayo garini.

SWALI: Mwanangu amechora kiti cha nyuma kwa kalamu ya wino. Jirani anasema dawa ya meno, mwingine tina. *Mama wa watoto wawili, Mombasa*

JIBU: Dada, ziache zote mbili. Dawa ya meno ina chembe za kusugulia, na tina huyeyusha kinga na rangi pamoja. Nunua spiriti ya asilimia 70 kwenye duka la dawa na vijiti vya pamba. Chovya kijiti, kikamue mpaka kisidondoshe, kisha kivingirishe juu ya mstari wa wino bila kusugua. Kikishika wino kitupe, chukua kingine, la sivyo utausambaza. Spiriti nayo inaweza kula kinga, kwa hiyo iguse kwa sekunde chache tu na upanguse mara moja kwa kitambaa chenye unyevu. Wino wa jana una matumaini. Wa mwezi uliopita umeshanywewa na rangi ya kiti.

SWALI: Mafuta ya chipsi yamemwagika kitini. *Msomaji, Morogoro*

JIBU: Usianze na maji. Yakaushe kwa kitambaa kikavu kwa kugandamiza, nyunyiza wanga wa mahindi ufunike doa lote, acha usiku kucha, kisha fyonza.

SWALI: Maziwa ya mtoto yameingia kwenye vitundu vya kiti cha abiria wa mbele. Nimefuta, lakini harufu inazidi. *Baba mtoto, Unguja*

JIBU: Ngozi haina kosa hapa, maziwa yamo kwenye sponji iliyo chini yake. Usimwage maji. Katika magari mengi kiti hicho kina kihisi kinachotambua kama kuna mtu, na maji yakikifikia, taa ya eabegi (mfuko wa hewa wa kukinga abiria ajalini) inaweza kuwaka. Gandamiza kwa kitambaa chenye maji baridi, maana ya moto hugandisha maziwa, kisha vuta unyevu kwa mashine ya kufyonza maji. Harufu ikibaki baada ya siku mbili, kava ya kiti lazima ivuliwe na sponji isafishwe. Kazi hiyo mpe fundi anayejua kuchomoa betri na kusubiri dakika kadhaa kabla ya kugusa plagi za manjano chini ya kiti: hizo ni za eabegi.